"Golikipa", "marioo", "hana kazi": majina haya tunayowapa wenza wanaobaki nyumbani yaendelee?

MamaWaTatu
Wadau, habari za leo. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanirukia.

Juzi nilikwenda kumwandikisha mwanangu wa mwisho shule. Karani anasoma fomu, mimi najibu, yeye anajaza. Jina la baba, kazi ya baba, simu ya baba. Tukafika kwa mama. "Kazi?" Nikasema mama wa nyumbani. Akaandika HANA. Nikamwambia, mwanangu, sijasema sina, nimesema mama wa nyumbani. Akajibu bila hata kuinua kichwa: "Si ndiyo golikipa, mama? Kitu kilekile." Foleni yote nyuma yangu ikacheka.

Kwa ambaye neno halijamfikia, golikipa ni mke asiye na ajira. Mume anahangaika uwanjani, mke kasimama golini anasubiri kudaka kinacholetwa. Mimi niliacha kazi ya uhasibu miaka kumi na mbili iliyopita, mtoto wa kwanza alipougua kwa muda mrefu. Tulikaa chini mimi na mwenzangu tukakubaliana, na sijajuta. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alikuwa amesimama pembeni yangu, na kusoma anajua. Njiani akaniuliza, "Mama, wewe huna nini?"

Basi nauliza: neno hili liendelee? Na kama si hilo, tuitwe nani?

Jongoo_wa_Mti
Pole dada, ila umekuza jambo. Ule ni utani wa mtaani. Mke wangu ni golikipa, namwita hivyo mbele ya wageni na tunacheka wote. Heshima haiji kwa kubadilishiwa jina, inakuja kwa unachokifanya. Halafu tuseme ukweli, beki tatu, yaani dada wa kazi za ndani, analipwa mshahara kwa sababu kazi yake inapimika: vyombo vimeoshwa au havijaoshwa. Wewe ya kwako anaipima nani?

Nyuki_Malkia
"Tunacheka wote." Umewahi kumuuliza? Mtu ambaye kesho asubuhi lazima akuombe nauli atacheka hata usipochekesha.

Jongoo_wa_Mti
Dada Nyuki, mke wangu muache. Humjui, hajakutuma.

Nyuki_Malkia
Sijamleta mimi. Umemleta wewe, na ukamleta kwa jina la golikipa.

MamaWaTatu
Kaka Jongoo, tusifananishwe na beki tatu tafadhali. Beki tatu wangu saa mbili usiku kazi yake imekwisha, anaoga analala. Mimi saa nane usiku nipo macho na mtoto mwenye homa, na asubuhi nahesabu hela iliyobaki tufike nayo mwisho wa mwezi. Hiyo ni kazi ya akili, si ya ufagio.

Glovu_Kumi
Samahani wakuu, napita tu, ila limenigusa. Nimedaka mpira miaka kumi na moja, ligi za madaraja ya chini. Naomba kuuliza: nani kawaambia golikipa anasubiri?

Golikipa ndiye mtu pekee anayeuona uwanja wote. Anapanga ukuta, anapiga kelele hadi sauti inakauka, anamwambia beki ageuke kabla beki hajajua kuna mtu mgongoni. Mshambuliaji akikosa mabao matano akafunga la sita anabebwa mabegani. Kipa akiokoa matano akafungwa la sita, jina lake ndilo linalotajwa njia nzima ya kurudi. Kama mmewaita wake zenu golikipa kwa maana ya mtu aliyekaa bure, hamjawatukana wake zenu tu. Mmetutukana na sisi.

Nyuki_Malkia
Hapo mkuu umenena. Nyumba ikienda vizuri hakuna anayeuliza nani kaiendesha. Ikiingia moja tu, mtoto kafeli au kaanguka, swali la kwanza ni "mama yake alikuwa wapi?"

Kiungo_Punda
Glovu punguza. Kipa ni muhimu, sawa, lakini hajawahi kipa kuwa mchezaji bora. Tuzo zinajulikana zinakwenda wapi.

Glovu_Kumi
Amewahi. Yule wa Urusi aliyekuwa anavaa nyeusi tupu.

Sekunde_Tisini
Lev Yashin, Umoja wa Kisovieti, Ballon d'Or ya 1963. Ndiye kipa pekee aliyewahi kuichukua.

Kiungo_Punda
Mmoja! Tuzo imeanza 1956, kipa ni mmoja. Umenisaidia hoja yangu.

Sekunde_Tisini
Na Oliver Kahn je? Kombe la Dunia 2002, Mpira wa Dhahabu, mchezaji bora wa mashindano yote. Kipa.

Kiungo_Punda
Kahn huyohuyo aliyeutema mpira fainali kule Yokohama, Ronaldo wa Brazil akamalizia? Kura zilipigwa kabla mechi haijaisha.

Glovu_Kumi
Ona sasa! Huyo Kahn alikuwa amefungwa bao moja tu mashindano yote hadi kufika fainali. Bao moja, mechi sita. Miaka zaidi ya ishirini baadaye unakumbuka nini? Mpira aliotema. Ndicho ninachowaambia tangu mwanzo.

MamaWaTatu
Ndugu zangu, nimekuja na fomu ya shule, nyinyi mko Yokohama. Naomba turudi.

Mzee_Kijiti
Nawasalimu. Mimi ni mtu mzima, nimesoma yote. Binti yangu uliyeanzisha, usiumie kwa neno la karani. Mama kubaki nyumbani ni jambo jema na la heshima tangu enzi. Neno baya hapa si golikipa. Baya ni hili la vijana wa kiume wanaokaa ndani wanalishwa na wanawake. Huyo ndiye wa kupewa jina, na jina lake lipo: marioo.

Baba_Pacha
Shikamoo mzee. Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika.

Mimi ndiye marioo wako. Kampuni niliyofanyia kazi ilifungwa pacha wetu wakiwa na miezi minne. Mke wangu mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu hata kabla ya hapo. Tulipiga hesabu: tukiajiri mtu wa kuangalia watoto wawili wachanga, nami nikachukua kibarua cha kwanza kitakachotokea, tunabaki na nini? Hatubaki na kitu. Nikabaki mimi. Wana miaka mitatu sasa.

Marioo, mzee wangu, ni mwanaume anayemlaghai mwanamke ili amle. Mimi nimemla nani? Nimekwenda nao kliniki wote wawili, mmoja mgongoni mmoja kifuani, muuguzi akaniuliza kwa sauti ya pole kama mama yao ameshafariki. Nikamjibu yuko kazini. Ile pole ikakatika palepale usoni mwake, ikaja nyingine. Ningekuwa mjane ningekuwa shujaa.

Ndugu zangu wanasema nimelishwa limbwata. Shemeji yangu hunisalimia "dada". Wake wa nyumbani mnaitwa golikipa, inauma, najua. Lakini hakuna anayewaambia si wanawake tena.

Mzee_Kijiti
Marahaba. Pole kwa kazi kufungwa. Lakini mwanangu, miaka mitatu? Mwanaume ni jasho. Anatoka asubuhi hata kama hajui aendako.

Baba_Pacha
Jasho? Mzee, umewahi kuogesha pacha wawili wanaopishana kulia kuanzia saa kumi na moja alfajiri? Kutoka nyumbani bila kujua niendako, nirudi jioni mikono mitupu, ndiyo ningekuwa mwanaume? Kutoka huko kungewashibisha wanangu?

Jongoo_wa_Mti
Baba Pacha, wewe hali yako inaeleweka, ilikuwa dharura. Sisi tunazungumzia wale wanaochagua.

Baba_Pacha
Mwaka wa kwanza ilikuwa dharura. Sasa nimechagua, na silitafuti jina la kujifichia.

Msomi_Mpole
Nimeona swali la Jongoo, kwamba kazi hii anaipima nani. Inapimwa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti mwaka 2018: kazi za matunzo zisizo na malipo ni saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Ni kama watu bilioni mbili wafanye kazi saa nane kila siku bila ujira.

Tena ajabu yake wachumi wameijua muda mrefu. Pigou, Mwingereza, aliandika mwaka 1920 kwamba mwanaume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linashuka. Mtu ni yuleyule, sakafu ni ileile, sufuria ni zilezile. Kilichoondoka ni mshahara tu. Wanaotengeneza hesabu za taifa waliiacha nje makusudi na mpaka leo iko nje. Kwa hiyo yule karani aliyeandika HANA hakubuni. Kafuata hesabu za wakubwa.

Jongoo_wa_Mti
ILO haijawahi kuosha chombo nyumbani kwangu.

Nyuki_Malkia
Wewe je?

Jongoo_wa_Mti
Unapenda sana kuniandama, dada. Naam, nimewahi. Mke wangu akiwa amejifungua nilipika na kufua wiki nzima.

Nyuki_Malkia
Na bado unaikumbuka hiyo wiki kwa jina. Yeye hawezi kuzitaja zake, hazina mwisho wala mwanzo.

Kule Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, asilimia kama 90 ya wanawake waliacha kazi siku moja, za ofisini na za nyumbani. Hawakupika, hawakulea, hawakwenda kazini. Kina baba walibeba watoto wakaenda nao maofisini. Siku moja tu, nchi ikasimama. Hao ndio makipa wenu, wakitoka golini mtajua.

Kiungo_Punda
Sasa mnataka nini, tuwalipe wake zetu mishahara? Ndoa igeuke ajira, niwe na barua ya onyo na likizo ya malipo?

Wakili_Barazani
Wakati mwingine mahakama hufanya hesabu hiyo, lakini ndoa ikishavunjika. Hispania mwaka 2023 mahakama moja iliamuru mwanamke alipwe zaidi ya euro 200,000 kwa miaka 25 ya kazi za nyumbani, kwa kipimo cha kima cha chini cha mshahara. Sababu ni kwamba walioana kwa mkataba wa kila mtu na mali yake, hivyo bila hiyo fidia angetoka bila fungu katika mali iliyochumwa. China, mahakama ya wilaya Beijing mwaka 2021 ilitoa yuan 50,000 kwa ndoa ya miaka mitano. Watu wengi kule walikasirika wakasema ni kidogo mno.

Kiungo_Punda
Huko ni huko. Kwetu sheria inasemaje?

Pwaguzi
Kwetu Tanzania si kuna yule mama wa zamani, Bi Hawa, alishinda kesi akapewa nusu ya nyumba? Tangu hapo mke wa nyumbani ana haki ya nusu. Bibi yangu alikuwa akiisimulia.

Wakili_Barazani
Bibi yako kakusimulia vizuri nusu ya kwanza. Kesi ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani, 1983. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke ni "mchango" katika kuchuma mali, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ikasema ndiyo, ni mchango. Hilo ndilo kubwa, na linatajwa mahakamani mpaka leo.

Nusu ya pili: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe aliwahi kumpa fedha za kujenga nyumba ya familia, zikatumika kwingine. Mahakama ikaona fungu lake alikwisha kulipokea. Na hakuna sheria inayompa mke "nusu" moja kwa moja, mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja.

Pwaguzi
Kumbe. Basi bibi alikuwa akiishia pale alipopapenda.

Jongoo_wa_Mti
Mnaona! Kapewa fedha za ujenzi, zikaenda kwingine. Halafu mnataka tuwape heshima ya uhasibu.

MamaWaTatu
Jongoo, mimi uhasibu nimeusomea. Na nitakuambia jambo moja la hiyo kesi uliyoipenda. Yule mama alikuwa ndani ya ndoa miaka na miaka, na hela iliyopita mikononi mwake bado ilihesabiwa kuwa "alipewa". Hapo ndipo neno golikipa linapoishi. Mume wangu ni mtu mwema, hajawahi kuninyima. Lakini kunyimwa na kupewa ni mlango mmoja, na aliyeushika ni yeye. Nilipokuwa na mshahara sikuwahi kumweleza mtu kwa nini nataka viatu. Sasa naeleza. Hakuna aliyeniagiza nieleze, mdomo unajieleza wenyewe. Najikuta nimesimama mlangoni na sababu tatu za viatu.

Amani_Kisima
Kenya wamejaribu kuliandika waziwazi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kumpa mwenzako ushirika, na kusimamia biashara ya familia. Kwa hiyo kisheria "hana" haipo.

Wakili_Barazani
Kweli, ila usiwape watu matumaini ya bure. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kuwa usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Sasa thibitisha miaka kumi na minane ya kuamka usiku. Risiti iko wapi?

Amani_Kisima
Majirani watatoa ushahidi.

Wakili_Barazani
Majirani walikuwa wamelala.

Pazia_Jeupe
Nimesoma kuanzia juu nikisubiri mtu mmoja aseme. Hakuna. Basi nitasema mimi.

Nimefanya kazi za ndani miaka sita, nyumba tatu. Mimi ndiye beki tatu wenu.

MamaWaTatu, uliandika hivi: "Tusifananishwe na beki tatu tafadhali." Na ukaandika "kazi ya akili, si ya ufagio." Dada yangu, umeanzisha mjadala kwa sababu kijana amekuita kwa nafasi ya mpira badala ya kazi yako. Beki tatu ni nini? Nafasi ya mpira. Wewe umekataa jezi yako, papo hapo ukamvisha mwenzako ya kwake. Tena kati yetu wote hapa wewe ndiye uliyelia kwa kuitwa.

Halafu "saa mbili usiku anaoga analala". Nyumba ya pili niliyofanyia kazi nililala sebuleni. Nilipata kulala baada ya mtu wa mwisho kuzima televisheni. Mtoto akilia usiku niliamshwa mimi. Mama wa nyumba ile alikuwa mama wa nyumbani kama wewe. Mshahara wangu ulitoka kwenye hela aliyopewa na mumewe, na akiiomba ikachelewa, mimi sikulipwa. Kwa hiyo najua kuomba ni nini. Mimi nilikuwa namwomba mwombaji.

Nyuki_Malkia
Jamani.

Mzee_Kijiti
Binti Pazia, umesema kweli tupu.

MamaWaTatu
Dada Pazia, nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, niliandika majibu marefu nikafuta. Nilitaka kusema mimi sikumlaza mtu sebuleni, ana chumba chake. Ni kweli ana chumba. Lakini hukuniuliza kuhusu chumba.

Nilisema neno hilo kwa sababu Jongoo alinishusha, nami nikatafuta wa kusimama juu yake. Naomba radhi.

Kiungo_Punda
Mada imehama sasa. Tulikuwa kwenye wenza, tumefika kwa wafanyakazi wa ndani. Hao wana sheria yao. Si kuna mkataba wa ILO?

Msomi_Mpole
Upo, Mkataba namba 189 wa mwaka 2011, kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa ndani. Saa za kupumzika, siku ya mapumziko, mshahara. Na mada haijahama hata kidogo. Ni sakafu ileile ya Pigou. Anayeisugua kwa mshahara tunamdharau kwa sababu ni kazi ya nyumbani. Anayeisugua bila mshahara tunamdharau kwa sababu halipwi. Dharau iko kwenye sakafu.

Pazia_Jeupe
Msomi, nakushukuru, ila "kazi ya nyumbani" unayoiandika inaonekana nyepesi. Nenda kaisugue kwanza halafu uje na Pigou.

Msomi_Mpole
Sawa dada. Nimekubali.

Jongoo_wa_Mti
Wote mmenikalia kooni, basi nami niwaulize. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja, narudi saa tatu. Wanangu nawakuta wamelala. Bosi ananifokea mbele ya watu mpaka vijana niliowafundisha kazi wananionea huruma. Nani kanitungia jina la heshima mimi? Mnaona "anayepewa anaumia". Anayetakiwa kutoa kila siku bila kukosa, siku akikosa mnamwitaje? Mnamwita suruali tupu. Mke wangu akiitwa golikipa anacheka. Mimi nikiitwa suruali tupu sina pa kuuweka uso.

Baba_Pacha
Mkuu Jongoo, hapo nakuelewa kuliko unavyodhani. Mke wangu hurudi amechoka hivyohivyo, na nimemwona akikaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya kuingia ndani. Sikuwahi kujua inavyoonekana upande wa pili mpaka nilipokuwa mimi niliye dirishani.

Sisi tulifanya kitu kimoja. Mshahara wake unaingia akaunti ya wote wawili, na kila mmoja wetu anachukua fungu lake linalolingana, haulizwi. Sijamwomba hela ya viatu kwa miaka miwili. Ndugu zake wakisema "anakulisha", anawajibu yeye, mimi nanyamaza.

Nyuki_Malkia
Hilo la akaunti ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Mniite jina lolote, ila nisiombe.

Kiungo_Punda
Na akitumia vibaya? Tumerudi kwa Bi Hawa.

Nyuki_Malkia
Wanaume wangapi wametumia vibaya mishahara yao wenyewe, na hakuna kesi iliyoitwa kwa jina lao?

Amani_Kisima
Ujerumani mzazi aliyebaki kulea huandikiwa miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992, kana kwamba alikuwa kazini. Italia, kwa sheria ya 1999, wana bima ya lazima ya ajali kwa wanaofanya kazi za nyumbani kwao. Ukianguka jikoni umeanguka kazini. Naona hayo yana maana kuliko kubishania neno.

MamaWaTatu
Neno nalo lina maana, Amani. Bima haisomwi na mtoto kwenye fomu.

Niliporudi shuleni leo nimeomba fomu mpya nijaze kwa mkono wangu. Pale kwenye "kazi" wameacha nafasi fupi sana, kama kidole. Niliandika "kulea na kuendesha nyumba", herufi zikatoka nje ya mstari zikaingia kwenye namba ya simu ya baba. Karani kapokea, hakusema kitu.

Na nilipofika nyumbani nilimuuliza dada anayenisaidia angependa nimtambulishe vipi kwa wageni. Alinitazama kwanza kuona kama nimekasirika. Kisha akasema, kwa jina lake.

Pazia_Jeupe
Jina lake. Asante. Na mshahara wake usiwe unasubiri hela ya baba.

MamaWaTatu
Hilo tunalizungumza usiku wa leo, mimi na baba.

Glovu_Kumi
Sekunde_Tisini, Kahn alicheza fainali ile akiwa ameumia kidole, wengi hawasemi.

Sekunde_Tisini
Ni kweli mkuu, kano ya kidole ilichanika mechi ikiendelea. Mwenyewe alikataa kukifanya kisingizio.

Kiungo_Punda
Aliutema mpira.

Nyuki_Malkia
Jongoo upo? Ulimuuliza?

Jongoo_wa_Mti
Nilimuuliza.

Nyuki_Malkia
Akasema?

Jongoo_wa_Mti
Hakucheka. Kasema tutaongea watoto wakishalala.